Swichi ya Kamera: Hesabu Wati za Usiku, Kisha Jenga Uzio

Msimu uliopita wa korosho mwenyekiti wa chama kimoja cha ushirika katika wilaya yetu alitufuata ofisini. Kwapani alikuwa na bahasha ya kaki iliyojaa vijitabu vya Kiingereza. Tulimpa shikamoo, akaitikia, kisha akakaa kitako kwa uzito.

"Mwalimu," alisema, "kamera zetu za ghalani zimeingiwa na shetani. Njoo utusomee vitabu hivi."

Shida yenyewe ilikuwa hii. Ghala lao lina kamera saba. Sita zimetulia mahali pamoja, na moja ni ile ya kuzunguka, iliyo juu ya nguzo karibu na mizani. Mchana zote saba zinafanya kazi. Lakini kila siku baada ya saa moja jioni, kamera ya mlango wa nyuma inazimika. Alfajiri, kama saa kumi na mbili hivi, inarudi yenyewe bila kuguswa na mtu. Nyingine sita hazina neno.

Sasa, huko nyuma ndiko alikokuwa akikaa mlinzi wa usiku. Ni mzee wa watu, amelinda ghala lile miaka mingi kabla ya kamera kuletwa. Wajumbe wa bodi walijiuliza: kwa nini kamera moja tu, tena ile ya kwake, tena usiku tu? Wakaona jibu ni rahisi. Mzee anachomoa waya ili awafungulie wezi njia. Magunia yalihesabiwa, hakuna hata moja lililopungua, lakini maneno yalikwisha kuenea kijijini. Mzee akasimamishwa kazi na mshahara wa mwezi ukazuiwa. Tunaandika jambo hili kwa aibu kidogo, maana nasi tulipolisikia mara ya kwanza tulitikisa kichwa na kusema, kumbe mzee yule!

Akaletwa kijana kulinda. Usiku wa kwanza, saa moja na nusu, kamera ikazimika vilevile. Ikasemwa kuwa kijana naye amekwisha kununuliwa. Kisha siku moja mchana, saa tisa, yakaja mawingu mazito ya mvua, kukawa giza kama magharibi. Kamera ya nyuma ikazimika mbele ya macho ya karani, na wakati huo kijana alikuwa amesimama naye mlangoni wakiangalia mvua. Ndipo mwenyekiti alipokusanya vile vitabu akaja kwetu.

Tuseme mapema: hapakuwa na shetani wala mwizi. Kosa lilikuwa katika kisanduku kidogo kilichotundikwa ukutani ofisini, kiitwacho swichi. Siku hizi maduka, shule, zahanati na maghala mengi vijijini yanafunga kamera. Watu hubishana sana juu ya kamera ipi inunuliwe, lakini swichi huokotwa tu, ile iliyo rahisi kuliko zote. Kwa hiyo tumeona tuieleze kwa kirefu.

SWICHI HII SI YA TAA

Wengi wakisikia neno swichi hufikiria kile cha ukutani cha kuwashia taa. Hii siyo hiyo. Swichi tunayoisema ni kisanduku cha bati au cha plastiki chenye matundu yaliyopangwa mstari. Katika kila tundu huchomekwa waya mmoja. Waya mmoja unakwenda kwenye kamera, mwingine kwenye mashine ya kurekodi, mwingine kwenye kompyuta ya karani. Swichi hupokea picha kutoka kwenye kamera na kuzipeleka zinakotakiwa, kama karani wa posta apangavyo barua kila moja katika sanduku lake.

Swichi ya kamera ina kazi ya pili. Hupeleka umeme katika waya uleule unaoleta picha. Ukiona juu ya boksi herufi PoE, maana yake ni hiyo. Faida yake ni kubwa, kwa sababu fundi hana haja ya kuvuta umeme wa ukutani mpaka juu ya nguzo. Waya mmoja mwembamba unatosha kwa yote mawili.

Kuna na kazi ya tatu ambayo muuzaji aghalabu haitaji: kutenga. Hiyo tutaifikia. Kwanza tumalize habari ya yule mzee, maana iko katika kazi ya kulisha.

SUFURIA NA SAHANI

Swichi inayofuata kanuni haimwagi umeme ovyo. Kwanza hupiga hodi. Hutuma umeme mdogo sana katika waya, ione kama upande wa pili kipo kifaa kinachojua kupokea. Kifaa kikiitikia, ndipo hutoa umeme wenyewe, ambao ni wa volti 48 hivi. Kisipoitikia, haitoi kitu. Ndiyo maana ukichomeka kompyuta ya kawaida katika tundu hilo haiungui.

Lakini angalieni: madukani zipo pia swichi za bei ndogo zisizojua hodi. Hizo zinasukuma umeme tu, nyingi volti 24, na kifaa kisicho chake kinaweza kuungua. Nazo zimeandikwa PoE vilevile. Dawa yake ni kutazama kama boksi lina namba ya kanuni.

Kanuni hizo zimewekwa na chama cha kimataifa cha wahandisi kiitwacho IEEE. Namba yake ni 802.3, na mwishoni zinafuata herufi mbili ndogo. Herufi hizo mbili ndizo za kutazama. Kanuni ya 802.3af ni ya mwaka 2003: tundu hutoa mpaka wati 15.4, na kamera inahakikishiwa wati 12.95, kwa sababu nyingine hupotea njiani ndani ya waya. Ya 802.3at ni ya mwaka 2009: tundu hutoa wati 30, na kamera hupata 25.5. Ya 802.3bt ni ya mwaka 2018, nayo hufika wati 60, hata 90. Kamera ya kawaida iliyotulia hutosheka na af. Kamera ya kuzunguka, yenye mota na taa kubwa, mara nyingi hudai at. Ukiichomeka kwenye swichi ya af inaweza kukataa kabisa kuwaka, au ikawaka mchana na kukata roho usiku.

Hebu sasa turudi ghalani. Boksi la swichi yao lilisema: matundu 8, wati 30 kila tundu. Bodi ilisoma hivyo ikaridhika. Kamera ni saba, matundu ni nane, kuna shida gani? Sisi tulikichukua kile kitoa umeme cha swichi, yaani adapta, tukakigeuza mgongoni. Pameandikwa kwa herufi ndogo sana: volti 48, ampea 1.25.

Jioni ile tulikuwa na darasa, basi hesabu tukaiandika ubaoni. Volti mara ampea ni wati. Arobaini na nane mara moja na robo. Darasa likajibu: 60. Na matundu nane, kila moja wati 30, yangehitaji ngapi? Darasa likajibu: 240. Kimya kikafuata. Kisha mama mmoja auzaye vitumbua stendi akasema, "Kumbe wameuziwa sahani nane na sufuria ya ugali wa watu wawili."

Hatujapata mfano mzuri kuliko huo. Matundu ni sahani. Wati za jumla ni sufuria. Muuzaji atakuonyesha sahani, wewe uliza sufuria.

Tukaendelea. Vijitabu vilisema kila kamera iliyotulia hula wati 7 usiku, na ile ya kuzunguka hula 22. Kwa nini usiku? Kwa sababu kamera za siku hizi zina taa zake ndani, za mwanga usioonekana kwa jicho la mtu. Giza likiingia zinajiwasha ili kamera ipate kuona. Mchana taa zimelala, basi kamera zao zilikuwa zinakula wati 4 hivi, na ile ya kuzunguka 12. Mchana: sita mara nne ni 24, ongeza 12, jumla 36. Sufuria ya 60 inatosha na kubaki. Usiku: sita mara saba ni 42, ongeza 22, jumla 64. Sufuria ni ya 60.

Wati nne tu! Kwa wati nne mzee wa watu aliitwa mwizi.

Lakini kwa nini ile ya nyuma? Swichi nyingi zikielemewa hukata kwanza tundu lenye namba kubwa, na waya wa mlango wa nyuma ulikuwa katika tundu la 7, la mwisho kutumika. Kamera ikikatwa, swichi baada ya muda huijaribu tena. Kamera inaamka, inakula kidogo, kisha inawasha taa zake, mzigo unazidi, inakatwa. Usiku kucha inakufa na kufufuka. Tulipofungua mashine ya kurekodi tulivikuta vipande vya picha vya sekunde chache chache kutoka mlango wa nyuma, mamia. Mwizi anayechomoa waya haachi vipande vya namna hiyo.

Bodi ilitaka kuona kwa macho. Haya. Kijana fundi aliuhamisha waya wa mlango wa nyuma kwenye tundu la 2, na waya wa mlango wa mbele akautia tundu la 7. Wajumbe wakakaa mbele ya kioo jioni, mwenyekiti akaenda kukaa mlango wa mbele yeye mwenyewe na tochi. Saa moja na dakika kumi na tano kamera ya mlango wa mbele ikazimika. Ya nyuma ikabaki inawaka. Mjumbe mmoja akapiga kelele dirishani, "Mwenyekiti, umechomoa nini?" Watu wakacheka sana, lakini si wote.

Mzee aliitwa, akaelezwa, akalipwa mshahara wake. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Haya, nimesikia." Amerudi kazini. Zamani alikuwa mtu wa mzaha na wapagazi. Sasa hataniani.

Kwa hiyo ukinunua, fanya hivi. Chukua wati za usiku za kila kamera, yaani ile namba kubwa kuliko zote katika kitabu chake, siyo ile ndogo. Zijumlishe. Ongeza robo yake, kwa ajili ya upotevu wa njiani na kwa kuwa hakuna mtu apikaye ugali wa kutosha bila tonge la akiba. Kwa ghala lile: 64, robo yake ni 16, jumla 80. Nao walitaka baadaye kuongeza kamera mbili, basi wakanunua swichi ya matundu 16 yenye sufuria ya wati 150. Walilalamika bei. Tuliwauliza bei ya jina la mtu ni kiasi gani.

WAYA NAO

Hapa tutapita upesi. Umbali kutoka swichi mpaka kamera usizidi mita 100. Zipo swichi zenye kitufe cha kurefusha mpaka mita 250, nazo hufanya kazi, ila picha hupita polepole zaidi, mara kumi chini ya kawaida au zaidi, na umeme unaofika ni mdogo. Tumia kwa kamera moja ya mbali, siyo kwa zote.

Waya uwe wa shaba tupu. Unauzwa pia waya wa aluminiamu iliyopakwa shaba, bei nusu, na kwa nje hauna tofauti. Kwaruza uzi wake kwa kisu: ukiona weupe ndani, uache. Unapoteza umeme mwingi njiani, hupata joto na hukatika ukikunjwa. Hatupendi kumharibia mtu biashara, lakini waya huu umewatia hasara wengi kuliko wezi wenyewe. Na kamera iliyo juu ya nguzo mbali na jengo huvuta radi mpaka ndani ya ofisi kwa njia ya waya wake. Fundi aweke kizuia radi na waya wa ardhini.

MLANGO ULIO UKUTANI NJE

Sasa ile kazi ya tatu.

Siku tulipokwenda kuangalia nyaya, tulimwona fundi anasimama chini ya kamera ya mlango wa nyuma. Haikuwa juu sana. Akainua mkono, akachomoa waya wa kamera, akauchomeka kwenye kompyuta yake ndogo ya mkononi, akakaa juu ya tofali. Hakuwa na ufunguo wa ofisi. Hakumwomba mtu ruhusa. Dakika tano baadaye alitugeuzia kioo. Tuliona jalada la malipo ya wakulima: majina, kilo, namba za simu, namba za akaunti za benki.

Mwenyekiti alisema neno moja ambalo gazeti hili haliwezi kuliandika.

Maelezo yake ni haya. Kompyuta ya karani na kamera zote zilikuwa katika swichi moja, na jalada lile karani alikuwa ameliacha wazi ili mhasibu alifungue kutoka meza yake. Swichi ya kawaida inachukulia kwamba wote walio ndani yake ni watu wa nyumba moja. Nao waya wa kamera uko nje, ukutani, gizani. Basi ukifunga kamera nje umetoboa mlango katika ofisi yako na kuuacha nje bila kitasa. Unalinda magunia na kuacha daftari.

Tena hata bila mtu wa kuchomoa waya, hatari ipo. Kamera hii si jicho tu. Ndani yake ni kompyuta ndogo, yenye programu na neno la siri. Wengi hulifunga na neno la siri lilelile la kiwandani. Mwaka 2016 programu mbovu iitwayo Mirai ilienea duniani kwa kujaribu orodha fupi ya maneno ya siri ya kiwandani, hata mia hayafiki, kwenye kila kamera na mashine ya kurekodi iliyoiona katika intaneti. Ilivipata vifaa kwa maelfu mengi. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi hilo la kamera lilielekezwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, ambayo kazi yake ilikuwa kuelekeza watu kwenye anwani za intaneti, na kwa saa kadhaa watu wengi hawakuweza kufungua Twitter, Netflix na nyinginezo. Wenye kamera zile wengi wao hawakujua lolote. Walioitunga programu hiyo walikuwa vijana watatu wa Marekani; walikiri mahakamani mwaka 2017.

Kwa Tanzania jambo hili lina sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamdai anayekusanya taarifa za watu azilinde. Jina la mkulima, akaunti yake, na hata picha yake akipita mbele ya kamera, ni taarifa zake. Chama hakiwezi kusema hatukujua.

MAZIZI MAWILI

Mfugaji mwenye ng'ombe na mbuzi hajengi maboma mawili. Anajenga boma moja na kuweka uzio katikati: huku zizi la ng'ombe, huku la mbuzi. Swichi yaweza kufanya hivyohivyo. Matundu haya yawe zizi la kamera, matundu yale yawe zizi la ofisi, na kilicho katika zizi hili hakioni kilicho katika zizi lile, ingawa vyote vimo katika kisanduku kimoja. Uzio huo kwa jina la mafundi huitwa VLAN. Kila zizi hupewa namba, kuanzia 1 mpaka 4094. Namba 1 ndiyo ya kiwandani, vitu vyote huanzia hapo. Kamera zipewe namba nyingine.

Siyo kila swichi inaweza. Zipo zile zisizopokea maagizo kabisa: unachomeka, zinafanya kazi, basi. Sisi huziita swichi bubu. Zipo zinazopokea maagizo, ambazo fundi huingia ndani yake kwa kompyuta na kuzipangia. Neno la Kiingereza la kutafuta juu ya boksi ni Managed au Smart, na namba ya kanuni ya uzio ni 802.1Q. Hizo zina bei zaidi. Baadhi ya swichi bubu zina kitufe kidogo kilichoandikwa VLAN au Isolate. Ukikisukuma, kamera haziwezi kuonana zenyewe kwa zenyewe, lakini zote bado zinaweza kupita tundu la kutokea. Kama tundu hilo linakwenda kwenye mashine ya kurekodi tu, vema. Kama linakwenda kwenye ruta ya ofisi, uzio wako una pengo kubwa, maana ruta ndiyo njia panda ya wote.

Hili la ruta lishikeni sana. Mafundi wengine hujenga mazizi mawili vizuri kabisa, halafu wanaileta ruta na kuifunga katika yote mawili bila kuipa amri yoyote. Ruta kazi yake ni kuvusha. Itavusha. Lazima iwekewe amri kwamba kitokacho zizi la kamera hakivuki kwenda ofisini wala hakitoki kwenda intaneti. Mwenyekiti wetu alitaka kuliona ghala katika simu yake akiwa mjini, na hiyo ni haki yake. Basi ni mashine ya kurekodi peke yake iliyoruhusiwa kutoka, kamera hazikuruhusiwa. Nayo neno lake la siri limebadilishwa.

Mambo mengine fundi aliyoyafanya siku ile: aliyafunga matundu yasiyotumika, hata ukichomeka hayaitiki. Aliiambia swichi ikariri namba ya kila kamera, kitu kigeni kikichomekwa mahali pake tundu linajifunga. Mjuzi anaweza kuiga namba hiyo, alituambia mwenyewe, lakini mwizi wa kawaida atakwama. Alibadilisha neno la siri la swichi yenyewe. Hili husahauliwa mno. Watu hujenga uzio na kuacha ufunguo mlangoni. Mwisho akapandisha kamera ya nyuma juu zaidi na kuupitisha waya wake ndani ya bomba la chuma.

Kisha tulimtaka arudie ule mchezo wake. Akapanda ngazi, akachomoa, akachomeka kompyuta yake. Akakaa robo saa. Hakuona kitu. Yeyote anayefungiwa kamera na fundi adai jaribio hilo kabla ya kulipa fedha ya mwisho.

KAMA FEDHA NI KIDOGO

Msomaji mwenye duka la kamera tatu au nne atasema, haya yote ni ya chama, mimi nitayaweza wapi? Twamjibu kwamba huenda hahitaji swichi ya maagizo hata kidogo. Nunua swichi bubu ya PoE kwa ajili ya kamera tu. Iunganishe na mashine ya kurekodi, na usiiunganishe na kitu kingine chochote. Kompyuta na ruta zikae kwenye kisanduku chao, pasiwe na waya kati ya hiki na kile. Hapo huwezi kuangalia kwa simu, unaangalia pale pale dukani kwenye kioo. Lakini pasipo na njia hapana wa kupita, na bei yake ni ndogo kuliko uzio wowote.

Zipo pia mashine za kurekodi zenye matundu ya PoE mgongoni mwake, manne au manane. Kamera zinachomekwa humo moja kwa moja, nazo huwa katika zizi lao peke yao. Kwa zahanati au shule ndogo tunaona hiyo inafaa kuliko kununua vitu viwili. Hesabu ya wati ni ileile: mashine nayo ina sufuria yake, imeandikwa kitabuni.

UMEME UKIKATIKA

Swichi ikizimika kamera zote zimezimika. Kwa hiyo betri ya akiba iwe ya swichi na ya mashine ya kurekodi. Ghala lile, kamera 64, swichi na mashine ya kurekodi 30 na ushei, jumla karibu wati 100. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200. Betri ya maji ya tindikali haifai kumalizwa, tumia nusu, yaani 600, na nyingine hupotea katika mashine ya kubadilisha umeme. Utapata kama saa tano. Kwa usiku mzima weka betri tatu. Vile visanduku vidogo vya kompyuta, vyenye betri kama tofali, havifiki hata saa moja.

Swichi ikae katika sanduku la bati lenye kufuli na matundu ya hewa, mbali na vumbi la magunia. Mtu akiifikia swichi hana haja ya kuchomoa kamera moja moja.

Ndani ya mlango wa sanduku lile la ghalani kuna karatasi. Imeandikwa kwa mkono na yule mama wa vitumbua, maana bodi ilimwomba, na herufi zake zinasomeka toka mbali. Tundu la 1, mizani, wati 22, zizi la kamera. Tundu la 2, mlango wa nyuma, wati 7, zizi la kamera. Inaendelea hivyo mpaka tundu la 16. Chini kabisa kuna jumla ya usiku, na nafasi imeachwa kwa zile kamera mbili ambazo hazijanunuliwa.